Treni Mbili Kwenye Picha ya Same

Usiku kucha niliwaza: niikate treni moja kwa wembe, au niiache picha iseme uongo? Nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, na ofisi ya wilaya ilinipa kazi yangu ya kwanza, picha ndefu ya taa za mji wa Same usiku. Niliipiga kwa vipande vitatu kutoka mlimani. Nilipokuwa nikigeuza kamera, treni nayo ilisogea, ikatokea kwenye vipande viwili. Asubuhi nilimwonyesha mama.

“Treni mbili?” alicheka. “Hata hiyo moja huwa tunaingoja mpaka tunasinzia! Wapelekee, mwanangu, wafurahi.”

Kifua kikawa chepesi. Nilivibandika vipande vyote kwenye kadibodi, nikaandika chini, “Treni ni moja, ilisogea,” nikaipeleka ofisini.