Mbingu ya Kiboko wa Msimbati

Niliishia darasa la nne. Kamera nilijifundisha mwenyewe, na nusu ya watu wazima wa mji huu wana vitambulisho kwa picha zangu. Nasema hivyo mjue kosa langu lilitokana na ufundi, si ujinga.

Picha ya pasipoti ina sheria moja: uso uonekane, nyuma kuwe kweupe pe. Miaka arobaini mkono umezoea hivyo. Basi rafiki yangu mvuvi aliponipeleka mdomoni mwa mto Ruvuma, tukamkuta kiboko amesimama baharini, mawimbi ya chumvi yanampiga kifuani, nikampiga picha kama mteja. Ngozi ile ya kijivu kizito niliipa mwanga wote. Kufungua kompyuta, mikunjo yote ya shingo inaonekana, na juu yake hakuna mbingu. Karatasi tupu.

Mkwe wangu, mwalimu aliyeolewa kwetu kutoka Mwanza, alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, huyu anavuka kwenda Msumbiji? Mbona umempiga ya pasipoti?"

Mimi sikucheka. Picha ile niliitaka ukutani studio, watu wajue sikuwa fundi wa nyuso tu. Nikachukua mbingu ya bluu kwenye picha yangu ya mikorosho ya Mpapura, nikaibandika. Ikapendeza. Nikamwonyesha mvuvi.

"Hii siku gani, mzee?"

"Ni ile ile tuliyokwenda."

"Siku ile tuliloa mpaka tumbaku yangu ikawa uji! Nikiwaonyesha hii watu wa Msimbati, watasema na kiboko umemwazima."

Nikaibandua mbingu ya mikorosho.

Nikarudi kwa mkwe. Akauliza kama kamera inahifadhi na picha mbichi, ile isiyopikwa, kabla kamera haijaichuja. Inahifadhi, niliitegesha hivyo tangu nainunua, sababu siijui. Akaifungua, akapunguza mwanga wa sehemu nyeupe peke yake, taratibu, kiboko hakumgusa.

Mbingu ikaja.

Yalianza matumbo ya mawingu, kijivu kama kiboko mwenyewe. Kisha mvua, imening'inia upande wa Msumbiji kama pazia. Kisha ndege, mstari mwembamba, ambao macho yangu haya hayakuwaona, maana nilikuwa namtazama mnyama. Nilisimama. Vyote viliingia kwenye kamera siku ile, vikakaa humo kimya, na mimi nadhani nimeviunguza kwa mwanga mwingi. Mkwe naye alisahau kunitania.

Palibaki doa moja karibu na jua. Alipunguza mwanga, akapunguza tena, pakabaki peupe.

"Hapa pameungua kweli, baba. Nipazibe?"

"Paache."

Nikamwonyesha mvuvi tena. Akaweka kidole kwenye mvua. "Ndiyo hii iliyotulowesha." Kidole kikapanda hadi kwenye doa. "Na hapa?"

"Hapo nilikosea," nikamwambia.

Iko ukutani studio, na doa lake.