Sijaona wa Buterere na miti yake ya ‘bonsoir’

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Buterere. Sijaona Shakuru amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisiki cha mvumu amekibana katikati ya magoti kama mtoto anayegoma kunyolewa. Anakata kwa msumeno ule mzizi mnene ulioshuka moja kwa moja chini, anaiacha ile myembamba iliyotambaa pembeni, kisha anapaka majivu mahali utomvu mweupe unapochuruzika.

“Mbuzi njo fundi wa kwanza,” anasema, akionyesha shina lilipopinda. “Alitafuna hii muti miaka na miaka, ikakataa kufa, ikanona huku chini. Mi namalizia tu kazi ya mbuzi.”

Kazi yake ni bonsai: mti wa kweli unaofunzwa kuishi ndani ya chungu kifupi, hata ukawa na sura ya mti mkubwa wa uani, lakini mezani.

Visiki hanunui, anaokota. Mvumu ni wa jamii ya mkuyu, na watu wa nchi hii wamezungushia nyua zao mvumu tangu zamani. Ukikata gogo ukalichomeka ardhini, linachipua. Anayeukumbuka mji huu kabla ya fasheni ya kuta anaikumbuka mitaa ya majani. Kisha wenye mali wakaamua kwamba heshima ni matofali. Nyua zikang’olewa, visiki vikatupwa mitaroni vikaziba maji, hakuna aliyeulizwa. Mvua zikija na maji kuingia vitandani, ni watu wa Buterere wanaobeba magodoro kichwani, si waliojenga kuta. Na hao waliojenga kuta, wakishamaliza kung’oa, wanakwenda dukani kununua maua ya plastiki ya kupamba saloni, yaani sebule!

Sijaona ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa mafundi. Alipofiwa na mume kodi ya Buyenzi ilimshinda, akahamia huku kwenye ardhi ya chini, akauza miche ya maparachichi kando ya barabara. Mteja mmoja ndiye aliyemwonyesha picha ya bonsai kwenye simu. Akacheka, akaenda kuokota kisiki.

Miti ya kwanza aliiua yote. “Nilikata mizizi, nikakata matawi, nikafunga na waya, siku moja! Ni kama kumupasua mutu tumbo, halafu umwambie abebe mufuko wa simenti.”

Sasa anamwambia kila anayeanza: chukua mti wa hapa hapa, usihangaike na wa ng’ambo. Ukikata mizizi leo, waya usubiri mpaka majani mapya yakomae. Maji usimwage kwa mazoea. Chomeka kijiti kwenye udongo, kikitoka kikavu ndipo umwagilie. Udongo wake ni matofali ya nyumba zilizoangushwa na mafuriko, ameyaponda na kuchanganya na mchanga na mboji. Waya ni wa shaba, wa mota zilizoungua. Huutoa kwa kaka yake Seifu, fundi wa Buyenzi. Moto umeshaulainisha, na unapinda bila kujeruhi tawi.

Tatizo la leo lilianzia kwenye jina. Aliyemwandikia kibao alikuwa hajawahi kusikia neno bonsai, akaandika alichokijua: MITI YA BONSOIR, ile salamu ya Kifaransa ya jioni. Watu walisimama kucheka, waliosimama wakanunua, na Sijaona akakiacha kibao kama kilivyo.

Asubuhi hii gari linasimama mbele yake. Anashuka Callixte, mwenye mgahawa kule Ruziba, kando ya ziwa. Amekumbatia chungu chenye mti alionunua hapa, sasa hauna jani hata moja.

“Sijaona! Jina yako ni Sijaona? Leo utaona!”

“Karibu, patron. Uliuweka wapi?”

“Wapi? Kwenye saloni, chini ya klimu, baridi saa zote. Mchana tunafunga rido, jua isiingie. Jioni wageni bakifika tunawasha taa, bote banaushangaa. Si ni muti ya bonsoir? Mchana ungefanya nini?”

Raihana, jirani anayekaanga maandazi, anashika mbavu. “Patron, na saa sita ungeuambia bonjour ya mchana, ungekuitikia!”

Sijaona hacheki. Callixte alikuwa ameahidi kuweka mti kwenye kila meza, na wenye migahawa wenzake wanamsubiri yeye aseme. Akirudi Ruziba na neno moja tu, “zinakufa”, kazi hii imekwisha, na Sijaona hana nyingine.

Anakwangua gome kwa ukucha. Juu, pakavu. Katikati, pakavu. Callixte anatikisa kichwa. Sijaona anashuka mpaka karibu na udongo, anakwangua polepole, na chini ya gome inatokea rangi ya kijani, nyembamba kama uzi.

“Angalia. Iko hai.”

“Basi hii baki nayo, nipe ingine.”

“Apana. Ingine utaiua pia. Ikaa hapa.” Anamwachia ndoo, anamtia msumeno mkononi. “Kibao ni yangu, na kosa ya kibao ni yangu. Lakini muti ni yako. Kata yote iliyokufa, mpaka ikutolee maziwa.”

Tajiri anaketi. Anakata, anafuta jasho, anakata tena. Raihana anamwimbia kama bibi harusi. Tawi la tatu linapoanguka, utomvu mweupe unaruka na kutua kwenye shati lake.

“Eeeh! Imetoka! Wallahi si nimeona?”

“Patron, weye Mkristo, wallahi umeitoa wapi?” anauliza Raihana.

“Na hiyo haitoki kwenye nguo,” anasema Sijaona. “Madamu akiuliza, mwambie uko kwenye kazi.”

Callixte anaondoka mikono mitupu. Mti unabaki, kwanza kivulini, baadaye juani, na ameambiwa aje kuutazama kila Jumamosi kama anavyotazamwa mgonjwa. Mwenyewe ndiye aliyetoa wazo kabla ya kuwasha gari: uwanja wa nyuma wa mgahawa wake hauna paa, una jua la kutosha, kwa nini Sijaona asiende kufundishia huko?

Ndio mpango wa Sijaona sasa. Tangu leo, mti hautoki kwake mpaka mnunuzi aketi na kukata tawi kwa mkono wake. Kibao atakiandika upya, kwa herufi kubwa. Na masomo ya Ruziba yataanza mvua zikipungua, inshallah.

“Baje benye magari na benye miguu,” anasema, akivuta kisiki kingine kwenye gunia. “Kila mutu akate mwenyewe. Akikosea, akosee mbele yangu.”