Nyuki Mwenye Madoa na Kaburi la Kibanjani

Nakumbuka asubuhi moja kule Kituntu, mwanangu, miezi michache baada ya kumzika mume wangu. Mama mkwe aliniita nyuma ya jiko, mahali ambapo nyuki wadogo walikuwa wametoboa ukuta wa udongo. Mwenye tundu akaruka kwenda kwenye maua. Hapo hapo nyuki mwingine, mweusi mwenye madoa ya buluu, mzuri kweli, akaingia, akakaa kidogo, akatoka zake.

"Ametaga," alisema mama mkwe. "Mwenye nyumba atarudi, atafunga mlango kwa udongo, asijue. Buu la mgeni litaua la kwake na kula chakula chote. Kila mwaka nawaona wanaotoka humu. Wana madoa."

Nilicheka. Nilikuwa na haraka, maana shemeji yangu alikuwa amefiwa na mtoto, na aliniomba amzike kwenye kibanja changu, upande wa bondeni penye migomba na kahawa. Kwake, alisema, ni mawe matupu. Nilikuwa nimeshakubali.

Mama mkwe alinishika mkono. "Huyo nimemzaa mimi, namjua. Akiomba chakula cha waombolezaji, mpe. Kaburi asichimbe hapa."

Nilimwona ana roho mbaya, bibi anayemnyima mjukuu wake mwenyewe udongo wa kulalia. Tukazika. Nililia kuliko mama wa mtoto.

Haikupita misimu miwili, shemeji akapanda miti ya mpaka kuzunguka kaburi, kisha kuzunguka kahawa yangu. Wazee wa ukoo walipokuja waliuliza swali moja tu: "Aliyezikwa hapa ni wa nani?" Nikasema ni wa shemeji, na kwa mila yetu penye kaburi la mtu ndipo penye ardhi yake. Bonde lote likawa lake, nikabaki na mawe ya juu. Mwaka wa njaa kitinda mimba wangu alikufa huku ndizi za marehemu baba yake zikiiva ng'ambo ya ile miti. Nilimzika kwenye mawe. Sijamsamehe shemeji, wala sijajisamehe.

Sasa wewe ndiye mjane, huko Songambele, na nasikia shemeji yako amefiwa, anaomba sehemu ya kuzikia. Mhurumie, mwanangu. Mpikie, lia naye, beba jeneza ikibidi. Lakini kaburi lichimbwe kwake. Kama wameshaanza kuchimba, mwite mwenyekiti wa kitongoji, lifukiwe leo. Watakusema, waache waseme. Mimi walinisifu.

Mungu akulindie kibanja chako, watoto wako wakuzike wao, nawe ulale kwenye udongo wako mwenyewe.