Jiwe Katika Kikapu cha Mama

Mume wangu Phanuel hatulii. Hata kanisani, pasta akihubiri, yeye anageuka kuangalia mlango. Miaka tisa sasa kazi yake ni kutembeza familia za wageni katika bustani ya mtoni, nje kidogo ya Kakamega. Njia ni tambarare, hata mzee wa mkongojo anaimaliza. Watu hujia mifupa ya wanyama wa kale, ambayo imelala mchangani mpaka ikageuka mawe. Siku ya kwanza mkubwa wake alimwonya, "Likitoka jiwe moja hapa, nawe utalifuata."

Jumamosi iliyopita alitutembeza sisi wenyewe. Mbele yeye na wajukuu, nyuma kabisa mimi na mama yangu mzazi na kikapu chake. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hata mkono hawapeani. Neno likiwepo linapitia mtu mwingine.

Tulipokaa kupumzika, Phanuel akaanza kuzunguka. Anaenda, anarudi, anachungulia mchanga. Akaniita kando.

"Mama Tevin, ule mfupa wa paja haupo."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia! Na nilimwona mama akiinama hapo. Sasa mimi nitamwambia mama mkwe afungue kikapu?"

Nikamwomba Mungu anipe maneno. Kumwita mama yangu mwizi siwezi. Na kazi ile ndiyo inatulisha.

"Mama," nikamwambia polepole, "umebeba nini?"

"Jiwe la kusugua visigino," akajibu bila wasiwasi. "Ya sokoni Lubao yanatelezanga tu. Hili linakwaruza!"

"Mama, huo ni mfupa. Wa mnyama wa zamani sana. Ukipotea, Phanuel atafukuzwa."

"Mfupa? Uwi! Na nimeshasugua mguu mmoja!"

Akautoa haraka. Phanuel akapiga hatua mbili, akakumbuka, akasimama. Basi mama akauweka katikati ya njia, akarudi nyuma mpaka kichakani, akageuza uso. Ndipo mume wangu akaja, akauokota kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Mwambie mama asante," akaniambia.

Mama akasikia. "Mwambie mkwe wangu mguu wa pili unangoja. Anitafutie lingine, lisilo na mwenyewe."

Kesho yake Phanuel alichelewa ibada. Aliingia suruali imelowa mpaka magotini, akaniwekea mapajani jiwe la kijito cha shambani kwetu.

"Mpelekee," akanong'ona. "Lakini kwanza lijaribu. Linakwaruza?"