Ishara za mikono zilizomaliza kazi yangu ya ukocha wa besiboli Kamina

Yambo wakuu.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu kama ukocha wa besiboli shuleni unaweza kumfikisha mtu mbali. Wengi mmemcheka. Mimi nilikuwa kocha wa besiboli ya kolej, yaani sekondari, Kamina, Kongo, miaka ya tisini. Siongezi chumvi, yaliyotokea yanatosha.

Shule niliishia la nne primaire, mwandiko mtanisamehe.

Nilianza kama mfagia uwanja. Mwalimu mmoja mzungu wa misheni njo (kwenu mnasema ndiye) alileta ule mchezo. Nafagia huku namtazama, baadaye akawa ananiita niwarushie vijana mpira. Askari walipoanza kupora mji, wazungu wakapakiwa kwenye ndege. Aliniachia glavu sita na kofia yake. Prefe, mkuu wa kolej, akaniambia, "Weye njo unajua ile mambo. Fundisha."

Basi nikawa kocha. Mshahara wangu ulikuwa unga wa wazazi. Gongo tulichonga kwa mti wa mubanga, mpira tulisokota nyuzi za sweta kuukuu, tukashonea ngozi ya mbuzi. Lakini wakuu, watu wa reli walikuwa wanakuja kututazama. Hadi sokoni niliitwa Kocha.

Mtu mmoja hakupenda. Namtaja: Kalenga, mwalimu wa jimu, mazoezi ya viungo, wa kolej ileile. Yeye alikuwa na diploma.

Kwa wasiojua besiboli: mkimbiaji anasimama kwenye mfuko wa mchanga, kocha yuko pembeni anamwagiza kwa mikono ili timu nyingine isielewe. Kwangu, kushika sikio ni kaa. Kofia halafu kifua ni kimbia. Kupangusa mkanda ni nimefuta yote, hata nitakazotoa baada yake. Vijana wangu tisa walizijua kuliko sala.

Vita ikaja. Kamina ikajaa askari, ndege zinashuka kambini mchana kutwa, watu wananong'ona hata bei ya samaki. Mimi sikuacha mazoezi. Hilo kosa ni langu.

Kalenga akaenda kwa komanda mmoja aliyeitwa Simba Mbili. Akamwambia kuna mtu kila alasiri anapeleka ishara kwa adui, ndege zikipita.

Walinichukua uwanjani, kofia ya mzungu kichwani. Siku mbili ndani ya stoo karibu na reli. Sikupigwa sana. Kilichonimaliza ni kuwasikia askari mlangoni wakijadili viatu vyangu vitamwenea nani.

Siku ya tatu wakanirudisha uwanjani. Vijana wamepangwa mstari, Kalenga kando, mikono nyuma.

"Unasema iko mchezo?" komanda akaniuliza.

"Iko mchezo, komanda."

"Minyi nitakuambia kwa sikio, weye utabaambia na mikono. Kama iko mchezo, batoto banajua. Bakikosa, ile ishara ilikuwa ya bengine."

Kalenga akacheka. "Huyu? Hata kuandika jina yake iko anatafuta herufi."

Wa kwanza: kimbia. Kofia, kifua, akachomoka. Wa pili: kaa. Akakaa. Wa tatu, wa nne.

Wa tano alipomaliza, komanda akamgeukia msaidizi wake, wala hakushusha sauti.

"Unaona? Banatii bila makelele. Ile njo tunatafuta kule mbele kwa vita."

Nilielewa palepale. Walibaki wanne. Nipanguse mkanda tu, wangesimama kama visiki, labda hata wale watano wangeonekana wamebahatisha. Na mimi ningerudi stoo, viatu vipate mwenyewe.

Mkono ulishuka hadi kwenye mkanda. Haukugusa. Ukarudi juu.

Kofia, kifua. Wa sita akakimbia. Wa saba. Wa nane.

Wa tisa alikuwa Ilunga, mtoto wa Kabondo-Dianda, mwepesi kuliko wote. Kofia, kifua. Hakusogea. Nikarudia. Wapi.

"Si nilisema?" Kalenga akadakia.

Komanda akamtazama Ilunga, akatema mate. "Huyu iko muzito. Mubakishe. Munane banatosha."

Mimi nikaachiwa. Wale wanane wakapandishwa lori, wawili bado wana glavu mikononi. Nilimwita mmoja kwa jina, akanijibu, "Eyo vidye," ndiyo bwana kwa heshima ya Kiluba, kama siku zote za mazoezi.

Walirudi wawili. Kalenga alipata ukocha, wa kufundisha hakuwapata.

Mimi nilihamia Bukama kuuza samaki. Miaka mingi baadaye Ilunga akanikuta huko, naye ana watoto wake. Nikamuuliza kwa nini siku ile alisimama.

"Kocha, si ulifuta?"

"Sikufuta."

"Mukono yako ilipita pale kwa mukanda. Benzangu balikuwa banatazama bunduki. Minyi nilikutazama weye, vile ulitufundisha."

Nilimfungia samaki, pesa yake nikaikataa.

Kijana uliyeuliza, ukocha unakupa watu wanaofanya unachotaka kabla hujafungua mdomo. Ukishafika hapo, angalia kwanza nani mwingine amesimama pembeni anatazama.

Wenye makosa nimewataja: Kalenga, Simba Mbili. Wa tatu ni huyu anayeandika.

Kama kuna aliyekuwa Kamina wakati ule, aandike hapa chini. Hata wa kunilaumu, nitasoma.