Rozimeri Iliyotishiwa Panga

Utitiri mwekundu hauonekani kwa jicho la mtu mwenye haraka. Ili kuuona, unashika tawi, unalitikisa juu ya karatasi nyeupe, kisha unasubiri. Mwanzoni karatasi huonekana imeangukiwa na vumbi tu. Baada ya muda vumbi lile linaanza kutembea. Ukipitisha kidole juu yake na kukandamiza, karatasi inachorwa mistari myekundu, na hapo unajua kwamba ulichokiua kilikuwa kimeshiba.

Nilijifunza kuua kwa namna hiyo nyuma ya nyumba yetu ya Shangani, Mtwara, mwaka niliomaliza chuo, nikiwa nimevaa fulana iliyoandikwa kifuani kwamba ukatili haukubaliki. Nilikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii na sikuwa na ajira. Katikati ya wiki nilikwenda Likombe kujitolea, nikizungumza na akina mama na vijana juu ya vipigo majumbani, na niliamini kila neno nililolisema. Jioni nilirudi, nikavua viatu, nikachutama mbele ya rozimeri ya mama na kuendelea kuua mpaka giza lilipoingia.

Rozimeri ile ilikaa ndani ya nusu pipa la mafuta. Baba, aliyekuwa mwendesha kreni bandarini, ndiye aliyelikata pipa hilo kabla sijazaliwa. Mama alikuja na mche wake Mtwara akiwa bibi harusi: kitawi kimoja kilichofungwa kwenye kitambaa chenye maji, kutoka kwao Lushoto, ambako rozimeri huota kwenye ukungu bila kubembelezwa. Bibi yangu alimkabidhi kwa maneno machache. Alimwambia kwamba kitawi kikishika huko aendako, na yeye atashika. Na kikifa arudi nyumbani, hakuna atakayemuuliza kitu.

Majirani walimwambia kuwa mmea wa milimani hauwezi joto na chumvi ya Shangani. Uliweza. Ukawa kichaka kilichonifika kiunoni, chenye shina nene lililopasuka magome, na mama aliutumia kwa chai, kwa nywele zetu, na kwa nyama ya mbuzi ya Krismasi.

Baba alikuwa anapiga. Nasema hivi bila kuzunguka, kwa kuwa nyumbani kwetu tulilizunguka jambo hili miaka mingi kama watu wanaozunguka kisima kisicho na mfuniko. Hakuwa mlevi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa saa na wa mashati yaliyonyooshwa. Alipiga kwa kiganja, alipiga kwa mkanda, na mara moja alipiga kwa mwiko uliotoka kwenye ugali wa moto, na alama yake iko kwenye bega la mama hadi leo. Mama hakuwa na desturi ya kukimbia. Kwanza aliomba, kwa sauti ya chini ili sisi tusisikie, nasi tulisikia. Mambo yakiisha, alitoka nyuma ya nyumba, akasimama kando ya pipa, akachuma vijani vichache na kuvisaga kati ya vidole. Kisha alisema, bila kupandisha sauti, maneno ambayo sote tuliyajua kwa moyo: "Siku rozimeri hii itakapokufa, narudi kwetu."

Baba alimwelewa vizuri. Ndiyo maana yeye ndiye aliyeimwagilia. Asubuhi baada ya kila vurugu nilimwona kwenye pipa na ndoo yake, amevaa sare ya kazi, akimimina maji taratibu kama anayemwogesha mtoto. Alipostaafu, presha ikamfundisha kuuogopa mkono wake mwenyewe, naye akaacha kupiga. Kumwagilia hakuacha. Kukawa kama sala: ndoo nzima kila asubuhi kabla ya chai, mvua imenyesha au haijanyesha. Nikiwa msichana mdogo niliona hayo kuwa ni upendo. Hata nilipokua sikupata neno jingine la kuyaita.

Mwaka ule wa karatasi nyeupe, rozimeri ilianza kufa. Vijani vilipoteza ukijani, vikawa na rangi ya majivu. Utando mwembamba ulifunga ncha za matawi. Kwenye makwapa ya matawi vilijibana vidung'ata, vijidudu vyeupe kama pamba iliyochambuliwa, na chungu weusi walipanda na kushuka wakivilinda kama wafugaji wanavyolinda mifugo. Upande wa kaskazini ulikauka wote. Mama aliutazama, akauvunja kwa mkono, akautupa jikoni kuwashia moto.

Mimi niliitaka ipone, na nilijua ninachokitaka. Nilitaka mama abaki. Baba alikuwa ameacha kupiga. Kwa nini sasa, niliwaza, wakati ambapo nyumba ilikuwa imepata utulivu? Kule Likombe niliwaambia wanawake kwamba wana haki ya kuondoka. Nyumbani nilipigana vita ili mwanamke mmoja asiondoke.

Ilikuwa vita kweli. Nilivikamua vidung'ata kati ya kidole gumba na cha shahada, nikasikia vikipasuka, vikiniachia uteute wa njano ambao haukutoka kwa maji peke yake. Nilisugua matawi kwa mswaki wa zamani. Nilifuata njia ya chungu mpaka kwenye kiota chao chini ya ukuta, nikakifukua kwa jembe, nikawamwagia maji yaliyokuwa yakitokota. Walijikunja kwa maelfu huku wameng'ata mayai yao. Nilisimama na sufuria tupu, na nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimefurahi.

Jirani yetu, mwanamke wa Kimakonde ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alikuwa akiniangalia kila jioni huku akipepeta mchele. Ni mtu wa utani, na aliijua ratiba yangu yote.

"Msomi," aliniita, "mchana umefundisha amani. Jioni hii umeua wangapi?"

Nilimjibu kwamba bado sijahesabu.

"Ukimaliza hao, njoo kwangu. Nina panya."

Ni yeye aliyenipa salfa. Ana shamba la mikorosho Kilambo, kuelekea mdomo wa Ruvuma, na msimu wa kupulizia dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umepita, akabakiwa na unga wa salfa kidogo. Huku kwetu salfa ni jibu la kila swali. Mkorosho ukiumwa, salfa. Mtoto akipata upele, kuna atakayemsugua salfa. Na msimu ukifika, upepo wa vijiji vyote una harufu yake. Nilikuwa nimekataa kununua sumu ya dukani kwa sababu ya nyuki, na kwa sababu mama hunywa chai ya majani yale. Lakini salfa, nilijiambia, inachimbwa ardhini. Si sumu, ni madini. Nilijenga hoja hiyo kwa uangalifu mkubwa, kama nilivyojenga hoja zangu zote za chuoni.

Mikorosho hupuliziwa alfajiri, kungali umande. Mimi niliinyunyizia rozimeri adhuhuri, baba akiwa amelala, kwa soksi iliyojazwa unga na kupigwapigwa kwa fimbo. Jana yake nilikuwa nimeipaka maji ya sabuni yenye mafuta ya kula. Jua la Mtwara, mafuta na salfa vilifanya kazi pamoja. Ilipofika kesho yake jioni, vijani vilivyokuwa hai vilikuwa vimeungua kwenye ncha, vya hudhurungi, vimejikunja kama nywele zilizopitiwa na moto.

Mama alikuja akatazama. Hakunigombeza. Aliingia ndani, na baada ya muda nikasikia kitu kikiburutwa juu ya kabati. Alikuwa ameshusha sanduku lake. Alilifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, akaliweka sebuleni, mahali ambapo kila aingiaye atalikwepa.

Baba alilikuta hapo aliporudi kutoka kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Alilitazama, kisha akatoka nyuma moja kwa moja. Alipoiona rozimeri alilipiga teke pipa, na pipa likalia kama ngoma. Akanigeukia.

"Umeiua," alisema. "Umeiua kwa elimu yako."

Mkono wake ulikuwa juu. Sikuuona ukipanda, niliuona ukiwa tayari umefika. Mama alitokea mlangoni, akasimama tu, na nikagundua kwamba sote watatu tulikuwa tukisubiri yeye aombe. Hakuomba. Baba aliushusha mkono mwenyewe, akaenda kujaza ndoo.

Jirani alikuwa amesikia, kama alivyosikia miaka yote. Kesho yake, Jumamosi, alipita kwenye uwazi wa ukuta na kutuambia kwamba kuna dawa moja bado. Mti usiotaka kuzaa au usiotaka kuishi hutishwa. Kwao mfenesi wa bibi yake ulikaa miaka bila tunda, ukatishwa, ukazaa hadi matawi yakavunjika. Mtu mmoja anaushikia mti panga na kuutukana, mwingine anauombea: usimkate, mwache, atajirekebisha. Mti unaogopa, unashukuru, unaishi.

Nilianza kueleza kwamba huo ni ushirikina, na zaidi ya hapo ni kuufundisha hata mti lugha ya vitisho. Baba, ambaye kanisani alikuwa mkali kwa mambo ya namna hiyo, alinikatisha, akaingia stoo na kutoka na panga.

Jirani alitupanga kama mtu anayepanga watu wa kupigwa picha. "Mzee asimame hapa, ana sura ya panga," alisema akicheka. "Na wewe dada ukae huku, una sura ya kuomba."

Nadhani alilijua jibu la utani wake kabla hajaumaliza, maana kicheko chake kilikatika. Lakini baba alikwisha kuanza. Alianza polepole, kwa aibu ya mtu mzima anayezungumza na kichaka. Kisha sauti ikapata njia yake ya zamani.

"Kitu gani umekosa hapa?" aliiuliza rozimeri. "Nani anakulisha? Nani anakupa maji? Kila siku nakuhudumia, na bado unanionyesha uso huo. Unataka watu wanionaje? Leo nakumaliza. Leo nakutupa nje, uone nani atakuokota."

Hakuna hata neno moja lililokuwa jipya. Niliyajua yote, kwa mpangilio wake, kutoka upande wa pili wa ukuta wa chumba changu. Panga lilikuwa limepanda juu ya kichwa chake, na jasho lilimtiririka shingoni. Nyuma yangu jirani alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga.

Ilikuwa zamu ya mama.

"Kata," mama alisema.

Baba aligeuka, panga likiwa bado juu.

"Dada, hapo sivyo," jirani alinong'ona. "Unatakiwa uombe."

"Nimeomba humu ndani mpaka maneno yameniisha," mama alisema. Alikuwa akimtazama baba, siyo mmea. "Leo siombi. Kata."

Baba alibaki ameshika panga juu. Hakukata. Nilimwona akiitafuta ile hasira, na haikuwepo. Mbele yake kulikuwa na kichaka tu kilichoungua na mwanamke asiyejikinga. Mama alimwendea, akalitoa panga mkononi mwake kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, na akaikata rozimeri yeye mwenyewe. Alikata kwa nguvu ambayo sikuijua kuwa alikuwa nayo. Kila pigo lilirusha vipande vya gome, na ile harufu kali, ya chai na ya nywele zetu na ya Krismasi, ikapanda ikatujaa puani mpaka machozi yakatutoka. Shina lilipobaki wazi, alilisukuma pipa kwa mguu, nami nikamsaidia, likaanguka ubavu.

Maji yalitoka kwanza. Yalikuwa meusi, yakinuka kama mfereji. Kisha udongo ukafuata, na mizizi ndani yake: laini, imeoza, ikivuliwa ngozi kwa kuguswa tu. Matundu ya chini ya pipa yalikuwa yameziba tangu lini sijui. Utitiri na vidung'ata vilikuwa vimekuja kula kilichokwisha kuzama. Nilikuwa nimewaua wageni wa msiba.

Baba aliyatazama maji yale yakienda mpaka kwenye viatu vyake. "Mimi nilikuwa naipa maji," alisema.

"Ndiyo," mama alimjibu. "Ulikuwa unaipa maji."

Aliyasema hayo bila ukali wowote. Kisha akainama kwenye lundo la matawi, akaanza kutafuta. Upande wa ukutani, ambako salfa yangu haikufika, zilikuwepo ncha chache bado kijani. Alizikata kwa wembe chini kidogo ya kifundo, akavua vijani vya chini, akazifunga kwenye kitambaa chenye maji. Aliondoka Jumatatu kwa basi la alfajiri, na sanduku lile, na kitambaa kile mapajani. Nilimsindikiza. Sikumwambia abaki. Njiani nilijaribu kumwambia kwamba alikuwa na haki, kama nilivyowaambia wengine, lakini maneno yale yalikuwa madogo, nikamshikia tu mkoba.

Kabla ya kupanda alinipa ncha moja aliyonitengea, imechomekwa kwenye kopo la mchanga. Aliniambia niiweke kivulini, nisiimwagilie mpaka mchanga ukauke hadi kwenye kifundo cha kidole changu. "Na usimwachie baba yako," aliongeza.

Niliiweka dirishani kwangu. Asubuhi ya kesho yake nilimsikia baba akijaza ndoo nje, kwa mazoea, kisha nikamsikia akiacha. Baadaye alibisha hodi mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amesimama kizingitini na kikombe cha maji, amekishika kwa mikono miwili, akilitazama lile kopo.

"Haijataka maji?" aliuliza.

Nilitumbukiza kidole kwenye mchanga mbele yake, hadi kwenye kifundo, nikakitoa.

"Bado, baba."

Aliitikia kwa kichwa. Akabaki pale pale na kikombe chake, na mimi sikumwambia aondoke wala sikumkaribisha ndani.