Difu ya Mbio, Difu ya Nguvu

Mimi kukaa siwezi. Hata wakati wa eda, nilipotakiwa kutulia nyumbani kama mjane yeyote, nilitulia kwa mwili tu. Moyo ulikuwa uani, kwenye pikapu iliyofunikwa turubai. Nilitoka kuifuta kioo, nikarudi, nikatoka tena kuiwasha na kuizima. Mama mkwe akisikia injini huniuliza kutoka jikoni, "Unakwenda wapi, mwanangu?" Siendi popote, mama. Nataka tu kuisikia.

Pikapu ilikuwa ya mume wangu. Kazi yake ilikuwa maziwa ya ngamia: alfajiri inakwenda kwa wafugaji njia ya Hulugho, kwenye mchanga, na kurudi Garissa na mitungi kabla jua halijayachachusha. Yeye aliendesha, mimi niliuza sokoni. Siku mgongo ukimuuma niliendesha mimi, naye amekaa kando akinikaripia kila shimo. Tulipendana hivyo, kwa kukaripiana. Jambo la mwisho kutugombanisha lilikuwa ufunguo wa pili wa gari, ule wenye kipande cha ngozi alichokikata kwenye kandambili yake kuukuu. Ulipotea. Akasema nimeupoteza mimi, maana mimi ndiye wa kuweka vitu popote na kukimbia. Nikaapa sijaugusa. "Nani mwingine, basi?" akauliza, na akanuna. Alikuwa bado amenuna alipoanguka pale mlangoni, na hakuamka tena.

Eda ilipokwisha niliondoa turubai nikaenda kuchukua maziwa mwenyewe. Niliporudi, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ananingoja mbele ya duka tunaloshushia mitungi. Ana pikapu yake, anabeba bidhaa, na akiongea watu hunyamaza.

"Shemeji," akasema, "gari hili ni la watoto wa ndugu yangu. Tutaweka dereva. Wewe kaa na watoto."

Kaa! Angenitukana ningevumilia. Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionipandisha mori. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mimi namshinda yeye kuendesha, mchangani na kwenye lami. Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, halafu akaona wanamtazama wasikie atajibu nini.

"Haya. Pale uwandani wanapokimbizana vijana, kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye mapipa. Ukinishinda, sitataja dereva tena. Nikikushinda, ufunguo unanipa."

Mzee mmoja akauliza kama hiyo si kamari. Shemeji akasema hakuna pesa hapo, ni ulimi wa mwanamke tu unaotafutiwa breki. Kama ningeunyamazisha ulimi wangu siku ile, labda tungeelewana polepole. Lakini ulimi wangu ndio huu.

Mdogo wangu ni fundi, ana gereji ndogo mtaa wa Iftin. Nilimkuta amelala chini ya lori, nikampiga teke kwenye soli ya kiatu.

"Abaayo, dada yangu, umefanya nini tena?" akauliza kabla hata hajatoka.

Nilipomweleza, alishika kichwa. Kisha akainama nyuma ya pikapu yangu, akagonga lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, kati ya magurudumu ya nyuma. Hiyo ndiyo difu. Ndani yake kuna gia kubwa iitwayo krauni na gia ndogo iitwayo pinyoni, na zinavyolingana meno ndivyo gari linavyokuwa na tabia. Yangu ilikuwa na meno arobaini na moja kwa tisa. Maana yake, shafti inayotoka kwenye injini inazunguka mara nne na nusu ndipo tairi lizunguke mara moja. Gari linavuta kama punda, lakini halina haraka.

"Hii ni difu ya nguvu," akasema. "Ya maziwa. Kwa mashindano unataka difu ya mbio."

Sote tulikubali. Nani angekataa? Mashindano ni mbio, na difu ya mbio ipo, ina jina lake kabisa. Akapiga simu Nairobi kwa muuza vipuri, akapaza sauti kama vile Nairobi ni ng'ambo ya mto. "Nataka difu ya mbio! Si ya nguvu, ya mbio!" Nilimsikia yule mtu akiuliza, "Mbio za kuondoka au mbio za kwenda?" Mdogo wangu akanitazama, akacheka. "Mbio ni mbio, walaal, ndugu yangu!"

Hapo ndipo tulipopotea. Kwetu mbio ni kufika. Barabara zetu zimenyooka mpaka macho yanachoka, na ukisema gari lina mbio unamaanisha lilitoka Garissa asubuhi na adhuhuri likawa Wajir. Hakuna anayeuliza liliondokaje. Difu ikaja kwa basi, imefungwa gunia, meno arobaini na tatu kwa kumi na moja. Shafti haizunguki hata mara nne kwa tairi moja. Mdogo wangu aliifunga huku akiimba.

Tulikwenda uwandani kuijaribu. Nilikanyaga mafuta mpaka chini. Loo! Gari liliondoka kama ngamia anayeamshwa na mzigo mgongoni, goti moja kwanza, halafu la pili, halafu analalamika. Lilipopata mwendo ndipo likaanza kupendeza, na hapo mapipa yalishapita. Nilirudi nikafunga mlango kwa kishindo.

"Hii ni difu ya kwenda Mandera!" nikamwambia. "Mimi nakwenda kwenye mapipa!"

"Difu ya mbio, abaayo..."

"Mbio gani? Toa!"

Akairudisha ya zamani. Huku anafungua boliti nilizunguka gereji, nikapanga spana zake, akanikaripia, nikazipangua. Siku ya mashindano ilikuwa imekaribia na usingizi ulishanihama. Nikifumba macho naona ufunguo kwenye kiganja cha shemeji. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Si kwa ajili ya maziwa peke yake. Kwenye pikapu ile ndimo nilimoweza kupumua. Nyumbani kila mtu alikuwa ananipa pole, na pole ilikuwa inanikaba.

Kwa difu ya nguvu, gari liliruka kutoka kwenye jiwe vizuri, nikapiga kelele ya furaha. Lakini gia ya tatu ilikwisha mapipa yakiwa bado mbele. Injini inalia, haina zaidi ya kutoa, lazima niingize ya nne, na katika kupumua huko shemeji atanipita. Mdogo wangu alipangusa jasho, akasema tunahitaji difu ya katikati ya hizi mbili, na hiyo haiwezi kufika kwa wakati. "Muombe msamaha, yaishe," akasema.

Niombe msamaha! Nilimwacha hapo nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, juani, buibui limejaa vumbi. Na nikiwa njiani, kwa hasira tu, nikamkumbuka mume wangu na hasira zake. Kuna wakati alijinunulia matairi makubwa ya mchanga. Akayafunga nyuma, akajisifu, na kesho yake akarudi anatukana. Gari lilikuwa zito kuondoka na mitungi. "Limekuwa kama nimebadilisha difu!" alilia. Akayavua, akayatupa stoo.

Nilisimama katikati ya njia. Bodaboda nusura inigonge. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko dogo. Basi difu ile ile ya nguvu, juu ya tairi kubwa, inapata mbio kidogo. Inakuwa ile ya katikati.

Stoo ile nilikuwa sijaifungua tangu mazishi. Vitu vyake vyote vilikuwa humo, koti lake, birika lake la udhu. Niliingia nikavuta matairi mawili chini ya magunia bila kuangalia pembeni. Mama mkwe alisimama mlangoni, akashika upande wa pili tukayabingirisha pamoja mpaka nje. Mdogo wangu alilazimika kukunja bati la juu ya gurudumu kwa nyundo ili yasisugue. Pikapu ikawa imeinua makalio kama jogoo, na watoto wa mtaa wakaicheka.

Siku yenyewe, baada ya swala ya alasiri, uwanda ulijaa watu. Sijui nani aliwaita. Wanawake wenzangu wa maziwa walikuja wote, wamesimama upande mmoja. Shemeji alishuka, akatazama matairi yangu, akatabasamu. Alijua ni ya nani.

Kitambaa kikashushwa. Niliachia klachi, matairi yakauma ardhi, nikawa mbele yake kabla hajamaliza kutabasamu. Gia ya pili. Ya tatu. Nilimwona pembeni, pua ya gari lake inakuja, inakuja, na mkono wangu ukawashwa na hamu ya kuingiza gia ya nne. Nikaukataza kwa sauti, "Tulia wewe!" Injini ilikuwa inapanda bado. Ikaendelea kupanda, na mapipa yakaja, na ilipoanza kulia mapipa yalikuwa nyuma yangu na yeye yuko nyuma ya bega langu.

Sikusimama. Sikuweza. Niliendelea na njia, nalia na kucheka, mpaka kelele za watu hazikusikika. Nilimwambia mume wangu, kwa sauti, kama yuko pale kando, "Umeona? Matairi yako yamefaa!" Kisha nikageuza.

Shemeji alinijia kwa miguu, vumbi limemjaa ndevuni. "Neno ni neno," akasema. "Sitataja dereva tena." Akatia mkono mfukoni. "Basi chukua na huu pia."

Ulikuwa ufunguo, na kipande cha ngozi ya kandambili.

"Umeutoa wapi?" nikauliza.

"Nilichukua gari siku moja, ninyi mko sokoni. Nikasahau kuurudisha. Halafu nikasikia mnagombana juu yake, nikaona aibu. Nikasema nitaurudisha kesho." Aliangalia chini. "Halafu akafa."

Wenzangu walikuwa wanapiga vigelegele, wanakuja mbio kunikumbatia. Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kupiga kelele mpaka mtoni wasikie. Nikasema tu, "Alikufa akiniona mwongo," naye akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka.

Nikakaa chini. Pale pale vumbini, mgongo kwenye tairi la marehemu, ufunguo mkononi. Mdogo wangu akainama akaniambia, "Abaayo, inuka, watu wanakutazama." Sikuinuka.